Kuhamisha Daftari Bila Kupoteza Majina

Mwezi mzima Bi Mastura alikuwa amefunga kadi tatu. Majid alikuwa amefunga arubaini na moja. Hilo halikuwa siri, kwani ubao wa kazi ulionekana kwenye skrini kubwa kando ya birika la kahawa, na kila aliyekwenda kujimiminia kikombe alisoma jina lake na idadi yake, atake asitake.

Kampuni yenyewe ilikuwa ya watu saba, ghorofa ya tatu katika mtaa wa Ruwi, na ilitengeneza programu ya simu ya kuagizia maji. Watu wa Al Amerat na mitaa mingine mipya, ambako bomba halijafika kila nyumba, waliitumia kuita lori la maji. Shida yoyote iliyoripotiwa iliandikiwa kadi ubaoni. Aliyeitatua aliifunga, ikahesabiwa kwa jina lake. Maelezo ya namna ya kutatua shida yalikaa kwingine kabisa, kwenye daftari la timu, programu ya pili iliyojaa kurasa ambazo kila mtu alizisoma na hakuna aliyejali zimeandikwa na nani.

Jumapili asubuhi Maan, mudiri wao mwenye kusimamia kazi, aliwaambia kwamba wenye kampuni wanataka timu ipungue mtu mmoja. Barua ya kumwachisha kazi ingetoka Alkhamisi. Hakutaja jina, lakini macho yake yalikwenda kwenye skrini, na ya wenzake yakamfuata. Bi Mastura akaendelea kumenya chungwa lake.

Majid alimwonea huruma. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, hodari kwelikweli, na kwa bahati mbaya alijijua kuwa hodari. Bi Mastura alikuwa shoga wa mama yake. Familia zote mbili asili yao Unguja, na Majid alimfahamu tangu hajaanza shule. Alishawahi kumshauri.

"Bi Mastura, fungua kadi basi. Kutwa watu wako mezani kwako, unawasaidia, halafu hamna kilichoandikwa."

"Mtu kaja na dhiki yake, nimfungulie kadi kama mgonjwa wa zahanati? Hebu nipishe, mwanangu, nna kazi."

Kazi gani, Majid hakuuliza.

Siku hiyohiyo Maan alimkabidhi Majid shughuli kubwa: aunganishe ubao na daftari viwe kitu kimoja, na amalize kabla ya Alkhamisi jioni, daftari la zamani litakapofungwa moja kwa moja. Watu walikuwa na mazoea ya kubandika ndani ya kadi kiungo cha ukurasa uliowasaidia. Sasa ilitakiwa mambo yaende pande zote mbili: ukifungua ukurasa, uzione pia kadi zote zilizoutegemea.

Na tumpe haki yake kijana wa watu, aliifanya kazi ikapendeza. Jumanne asubuhi kurasa mia mbili na kumi na nne zilikuwa zimehamia nyumba mpya. Alifungua mmoja, "Lori likienda nyumba siyo". Ulisema: usimuulize mteja namba ya nyumba, hata yeye haijui, muulize rangi ya geti na jina la msikiti wa jirani, kisha sogeza alama kwenye ramani. Chini yake zilijipanga kadi tisini na sita. Nyumba tisini na sita zilipata maji kwa maneno yale machache. Majid alitazama akasahau chai yake. Hakuwa amejua kwamba timu yao inabebwa na maandishi kiasi hicho.

Maan alikuja kusimama nyuma yake, akafungua kurasa moja baada ya nyingine. Kila ukurasa ulikuwa na mstari mdogo juu: Mwandishi, Majid.

"Ma sha Allah. Zote hizi umeandika wewe?"

Majid alijua mara moja kilichotokea. Kurasa alizihamisha kwa akaunti yake, na programu mpya ikamhesabu yeye kuwa ndiye aliyeziandika. Lilikuwa kosa la kawaida, la kusemwa kwa sentensi moja.

"Kazi ya timu hiyo," akasema.

Ilikuwa kweli, na ilikuwa uongo mtupu. Maan alimpiga bega akaenda zake, na Majid akabaki na sifa isiyokuwa yake ikimwasha mwilini.

Jumatano aliamka ameazimia kurudisha majina kimyakimya, pasiwe na haja ya kumweleza mtu. Alijaribu njia moja, ikagoma. Akajaribu ya pili, ikafuta picha zote. Mwisho akafanya walivyofanya wote wakikwama, akatafuta kwenye daftari la zamani. Akaupata ukurasa wa miaka mitatu nyuma, "Kuhamisha daftari bila kupoteza majina". Mwandishi, Mastura.

Kumbe daftari liliwahi kuhamishwa kabla yeye hajaajiriwa. Ukurasa ulikuwa na hatua nane, kila moja imeandikwa kana kwamba mwandishi ameketi ubavuni pako na anajua utateleza wapi. "Hapa utaona maneno mekundu, usitishike." Kweli yalitokea mekundu, naye hakutishika. Alikuwa mtaalamu, na hakukumbuka kusoma kitu cha kitaalamu kilichomheshimu msomaji namna ile. Kisha akafika chini kabisa.

"Ukimaliza, fungua ukurasa wa Saeed wa njia za milimani. Ukikuta jina lake lipo, umefanya sawa. Saeed ametangulia mbele ya haki, na hapa kazini hapana pengine jina lake lilipobaki."

Saeed alikuwa mtu wa Sidab, aliyechora ramani zao za mwanzo. Majid alimjua kwa picha ya ukutani tu. Akaufungua ukurasa ule kwenye programu mpya, aliyoiunda kwa mikono yake mwenyewe. "Lori kubwa lisipandishe mlima huu likiwa limejaa." Mwandishi, Majid.

Haya zikamshika hata akaangalia nyuma kama kuna mtu. Kuwadhulumu wenzake walio hai alikuwa ameshaanza kujizoesha. Kumpora maiti, hapana.

Akafuta kurasa zote kwenye programu mpya akaanza upya, hatua kwa hatua. Alasiri jina la Saeed likarudi mahali pake. Ya wengine yakafuata, na Majid akayahesabu mara mbili. Kurasa mia moja na sabini na moja ziliandikwa na Mastura.

Alkhamisi alimwahi Maan kabla hajakaa.

"Juzi uliponisifu sikukusahihisha. Kurasa zangu mimi ni mbili. Tazama mwenyewe za nani zilizobaki."

Maan akateremsha orodha ya majina mpaka mwisho. "Na kadi zako arubaini na moja?"

"Thelathini na nane nimezifunga kwa kurasa za Bi Mastura. Nilikuwa nasoma tu na kutenda anavyosema."

Maan alivuta mtoto wa meza, akatoa bahasha yenye jina la Bi Mastura, akaichana vipande viwili. Akasema wenye kampuni wakitaka kupunguza, wapunguze chumba cha mikutano wanachokikodi pasipo haja, na maneno hayo atakwenda kuwaambia uso kwa uso. Kisha akamwita Bi Mastura.

Alikuja na miwani kichwani. Maan akamweleza yote, barua na kuchanwa kwake, akamwomba radhi, akamgeuzia skrini ajionee hesabu. Bi Mastura aliketi kidogo, akashusha pumzi ndefu ya mtu ambaye tangu Jumapili hakulala vizuri. Hesabu hakuiangalia. Alimgeukia Majid.

"Wa Saeed umeuangalia?"

"Nimeuangalia, Bi Mastura. Mara ya kwanza nilimpoteza."

"Nionyeshe."

Majid akaufungua. Bi Mastura akateremsha miwani, akalisoma lile jina polepole, midomo ikicheza, akamwombea rehema.

"Basi umefanya sawa, mwanangu."

Wiki hiyo Majid alikuwa ameshasifiwa, lakini hilo ndilo neno la kwanza lililomwingia moyoni. Mlangoni Lamya, mwenzao wa zamu ya simu, alikuwa amesimama na laptopu mkononi, ana shida yake. Bi Mastura akainuka kumfuata.