Seti ya Tano Ukumbini Ibra

Mahfudha alikuwa katika mwaka wa kumi na moja wa kusimamia ukumbi wa michezo mjini Ibra, na sakafu yake ya mbao aliipenda mno. Ukumbi wenyewe ulikuwa wa kila kitu: Jumapili mpira wa kikapu, katikati ya wiki maonyesho ya vitabu, Alhamisi harusi. Kila penye harusi alitandika zulia ukuta kwa ukuta, viatu vya visigino visije vikachimba mbao.

Alhamisi moja mambo yaligongana. Fainali ya wasichana ya mpira wa wavu, baina ya Ibra na mji wa Sur, ilikuwa ianze saa nane mchana, lakini basi la Sur lilipasuka tairi njiani, wakafika saa tisa na nusu. Na saa kumi na moja ukumbi ulikuwa ukabidhiwe wenye harusi.

Saa kumi na moja kamili akaingia Bi Khole, bibi yake bi harusi, na nyuma yake akina mama wanane wamebeba masinia. Akauona wavu umesimama.

"Mahfudha, mwanangu, nini hiki? Mie nimeuchukua ukumbi huu tangu Rajabu."

"Shikamoo, Bi Khole."

"Marahaba. Hujanijibu."

"Imebaki seti ya tano tu. Nikiwakatiza, watoto hawa wametoka Sur bure. Nipe nusu saa, wallahi zulia nitalitandika mwenyewe."

Bi Khole akakaa kitako na hasira zake, mkoba mapajani. Hakuwa na nia ya kutazama. Lakini utotoni, Unguja, aliwahi kuichezea skuli yake netiboli, na baada ya pointi tatu shingo yake ikawa inaufuata mpira.

"Mbona hawa wa bluu hawana wa kuwashangilia?"

"Ndio wa Sur. Basi lilichukua wachezaji tu."

"Wamefungwa ngapi?"

"Kumi na tatu kwa nane."

Bi Khole, mkaazi wa Ibra miaka hamsini, akapiga kigelegele. Wale wanane wakampokea. Manar, nahodha wa Sur, akageuka kuangalia kelele zinatoka wapi, akacheka, kisha akapata pointi tano mfululizo. Kumi na tatu kwa kumi na tatu.

Simu ya Bi Khole ikalia. Alikuwa bi harusi, Alyaa.

"Bibi, ukumbi uko tayari?"

"Bado, mama. Watoto wa Sur wamesawazisha. Piga baadaye."

Ibra wakazipata pointi mbili za mwisho. Manar alikaa sakafuni akajifunika uso kwa jezi yake. Bi Khole akamwendea, akaanza kwa Kiswahili, akaona hafahamiki, akarudia kwa Kiarabu: "Inuka, binti. Sauti imenikauka kwa ajili yako, nawe walia? Hebu nipe huo mpira."

"Viatu, Bi Khole!" Mahfudha akapiga kelele.

Akavivua, akakunja mkono wa abaya, akaupiga mpira. Ukanasa kwenye wavu. Akataka tena. Safari hii ulipita juu, ukaangukia upande wa pili ndani ya mstari, na timu zote mbili zikamrukia kwa furaha, Manar mbele, macho bado mekundu.

Wasichana ndio walioshusha wavu na kukunjua zulia. Kazi ya saa nzima ikamalizika kwa robo saa. Wale wa Sur walipochukua mabegi yao waondoke, Bi Khole akasimama mlangoni.

"Wapi? Mwalimu wenu awapigie simu wazee wenu. Kwenu mbali, na wali uko tayari."

"Bibi, tuna nguo za michezo," akasema Manar.

"Mumeoga?"

"Tutaoga."

"Basi."

Mahfudha, ambaye siku za harusi hujifungia ofisini, alikaa meza moja nao. Alyaa alipoingia, vigelegele vilivyozidi vilitoka kwenye meza hiyo. Akamwinamia bibi yake akamnong'oneza: "Wale wa suruali za bluu ni wa upande gani?"

"Wa upande wetu," akajibu Bi Khole. "Tembea polepole, wakuone."