Mtambuu kwenye Roshani ya Kabichi

Kwanza ukuta ulikohoa. Ukakohoa tena, kwa kina zaidi, kisha kikasikika kishindo cha chuma, na baada yake filimbi nyembamba ya hewa inayotafuta pa kutokea.

"Joto hilo limefika," Mama akaita kutoka jikoni.

Sikuhitaji kuambiwa. Mimi ni fundi wa mabomba ya joto, na kila Oktoba maji ya moto yanapoingia katika nyumba za Jiamusi, mji wetu wa kaskazini mwa China, mikono yangu imo. Nililegeza skrubu ya kutolea hewa kwenye chuma cha joto, nikakinga kopo, maji meusi yakatemwa mpaka filimbi ikanyamaza. Chuma kikaanza kupata vuguvugu. Ndipo nikainua chungu changu kutoka sakafuni, nikaelekea roshani.

"Unakipeleka wapi hicho?"

"Roshani."

"Roshani ya nani?"

Nilisimama. Roshani yetu, ghorofa ya tano, imefungwa vioo pande zote, lakini haina bomba la joto. Kwa hiyo ni ya Mama. Humo lilikaa kasiki lake la kabichi, limejazwa chumvi na kukandamizwa kwa jiwe la mtoni, ili kabichi zichachuke polepole katika ubaridi ambao haufiki kugandisha. Na kwa bahati mbaya roshani ndiyo mahali pekee nyumbani petu panapopata jua. Madirisha mengine yote yanatazama ukuta wa jengo la jirani.

"Mama, mmea huu unataka mwanga na unataka joto. Kasiki litahamia ngazini."

"Kabichi hiyo imekulea wewe," akasema. Alikuwa na kisu mkononi na hakukiweka chini. "Hicho kijiti kimekufanyia nini?"

"Kitaniozesha mke."

Mama alikitazama kijiti. Kilikuwa mtambuu mchanga, shina la kijani lenye vifundo, limeshikilia ufito wa mwanzi, na majani machache yenye umbo la moyo. "Masikini," akasema, "mwanamke mwenyewe yuko taabani kama anategemea hicho."

Mwanamke mwenyewe anaitwa Fu Yueqin. Alitoka kisiwa cha Hainan, kusini kabisa mwa China, kuja kusomea dawa hapa kwetu, na alipomaliza akapata kazi katika duka la dawa karibu na stesheni. Nilimfahamu siku bomba la chumba chake lilipopasuka. Nilimkuta amesimama juu ya kitanda na makoti mawili, maji yanatiririka chini yake, na akanitukana kwa kuchelewa mpaka nikamaliza kazi. Nikajiambia huyu ndiye.

Kwao, ukitaka kuchumbia, upande wa kijana unapeleka sinia la popoo zilizofungwa kwa majani ya tambuu na chokaa kidogo. Baba wa binti akichukua moja akaitafuna, umekubaliwa. Akiliacha sinia lilipo, vaa viatu vyako. Mwezi wa tisa, Yueqin akiwa kwao likizoni, nilisafiri peke yangu hadi Wanning, mji wao, nikanunua popoo na tambuu sokoni, nikazipanga vizuri, nikamwekea baba yake Yueqin, Mzee Fu, mbele yake. Mzee Fu ana shamba la mipopoo, na mitambuu imepanda juu ya kila mmoja.

Aliligeuza jani. "Popoo hizi zimetoka hapa," akasema. "Tambuu hili limetoka hapa, na mwenye duka ni mpwa wangu. Wewe umeleta nini, fundi?"

Nikalisogeza sinia karibu naye zaidi.

"Watu wenu wa kaskazini wanatujaa huku kila baridi ikianza," akaendelea. "Wanajenga, wananunua, wanaota jua kama mijusi. Ninyi wenyewe mnakimbia kwenu. Halafu mimi nimtoe binti yangu aende mnakokukimbia?"

"Mimi sijakimbia, Mzee. Mimi ndiye ninayewapasha moto wanaobaki."

Akainuka, akaliacha sinia lilipo. Kisha akaenda shambani, akakata kipande cha mtambuu chenye mizizi, akakifunga kwa kitambaa kibichi. "Kaa nao baridi nzima. Barafu ya mto wenu ikivunjika, nataka kuona jani lililoota ndani ya nyumba yako, kubwa la kufunga popoo. Likiwapo, nitatafuna. Lisipokuwapo, usirudi."

Yueqin alinisindikiza hadi uwanja wa ndege. Tulipofika akasema, "Nisikilize, Dapeng, ili usije ukasema hukuambiwa. Nakutaka wewe. Lakini sitatoka mlango wa baba yangu nikiacha sinia halijaguswa. Nitabaki hivi hivi, nizeeke nikiuza dawa za kikohozi."

"Jani utaliona," nikamwambia.

Kwa hiyo kasiki lilihamia ngazini. Majirani wakipita walibisha juu ya kasiki kama mlango na kuuliza kama kabichi imelipa kodi. Mimi niliziba roshani. Niliweka nailoni mara mbili juu ya vioo, nikabandika seloteipu kila ufa, nikatundika mfarishi wa zamani upande wa upepo. Niliacha mlango wa sebule wazi usiku na mchana ili joto lipite. Ningeweza kuvuta bomba mpaka roshani, kazi ya asubuhi moja kwangu, lakini joto hilo lingekuwa la wazee wa ghorofa ya sita, na siibi joto. Hewa ilikuwa kavu kama unga, basi nikatandika matambara mabichi juu ya vyuma vya joto, na asubuhi na jioni nikaunyunyizia mtambuu maji ya vuguvugu.

"Mwanangu anaogesha jani," Mama akamwambia Yueqin alipokuja kula. "Mimi nikiumwa mgongo ananiambia nijinyooshe."

"Mama, mgongo huo una dawa. Nitakuletea ya kupaka," Yueqin akasema.

"Ya bure?"

"Ya mkwe."

Mama akamwongezea nyama bakulini.

Kila Jumapili Mzee Fu alipiga simu ya video. Hakuuliza habari zetu. Alisema tu, "Sogeza," nami nasogeza simu kwenye mmea, shina, kifundo, jani. "Umekonda," alisema. Au, "Rangi hiyo siipendi." Mara moja tu alisema, "Hm," na Yueqin akanifinya mkono, akaninong'oneza kwamba hiyo kwa baba yake ni sherehe.

Desemba ikapita. Nje vyuma vililia kwa baridi, na mtambuu wangu ukatoa jani jipya, kisha lingine. Nilitembea kifua mbele. Kazini niliwaonyesha picha watu ambao hawakuniomba.

Siku mbili kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina, mwishoni mwa Januari, bomba kubwa likapasuka mtaa wa mashariki. Tulichimba na kuchomelea tangu alfajiri, maji ya moto yakigeuka barafu juu ya suruali zetu. Nyumbani, Mama na mama wa ghorofa ya nne walikuwa wanakunja jiaozi, zile sambusa zetu za kuchemsha, za kutosha sikukuu yote. Na jiaozi za sikukuu, tangu bibi yake Mama, hazitiwi friji. Unazipanga kwenye sinia, unazitoa roshani, unafungua dirisha, na baridi inazifanya mawe kabla hujamaliza sinia la pili. Mkono wa Mama umefanya hivyo kila mwaka wa maisha yake. Mwaka huu pia ulifanya. Ulibandua seloteipu, ukasukuma dirisha, ukarudi kukunja. Na kwa kuwa chumba kilipoa, akaufunga mlango wa sebule nyuma yake.

Niliporudi alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni na aproni yake, hakuwasha taa. Kule roshani jiaozi zilikuwa zimepangwa vizuri. Nyuma ya masinia mtambuu ulining'inia kwenye ufito, majani meusi, laini, yamelowa kama karatasi iliyotolewa majini.

Nilifunga dirisha. Nikabandika seloteipu upya, ufa kwa ufa.

"Kidogo tu," akasema. "Nilifungua kidogo tu."

Yueqin alifika na theluji mabegani. Aliyaona majani, akakaa chini na buti zake, akaliweka jani moja jeusi kwenye kiganja. Hakulia. Ingekuwa nafuu kama angelia.

"Tuagize mwingine," Mama akasema haraka. "Siku hizi wanauza kila kitu kwa simu. Unafika na gari la vifurushi. Yule mzee anaona kwa kioo kidogo, atajuaje?"

"Nitajua mimi," nikasema.

"Wewe unataka mke au unataka kujua?"

"Mama, nikimdanganya, kila nikikaa mezani kwake nitakuwa natafuna uongo. Sikai meza hiyo."

"Kiburi," Mama akasema. "Cha baba yako hicho hicho. Alikufa nacho."

"Basi nami nitakufa nacho, lakini nikiwa nimempigia Mzee Fu."

Nilipiga. Haikuwa Jumapili, na Mzee Fu alitokea kwenye kioo akiwa na fulana, jua nyuma yake. "Nini?" akasema.

Nikasogeza simu bila kuambiwa. Shina, kifundo, jani.

Jogoo aliwika upande wake. "Nani amefungua dirisha?"

"Mimi," nikasema.

Mama akaninyang'anya simu. Ni mwanamke mfupi, lakini alinisukuma kama gunia. "Anasema uongo huyu, na dakika moja iliyopita alikuwa ananihubiria ukweli. Nilifungua mimi, Bwana Fu. Nilikuwa nagandisha jiaozi. Ndivyo tufanyavyo, na mkono haukuniuliza."

"Na angekuwa binti yangu humo ndani?"

"Binti yako ana mdomo. Angeniambia, 'Mama, funga.' Nami ningefunga huku nikinung'unika. Huo mmea wako haukusema neno."

Yueqin akafunika uso kwa mikono. Sikujua kama analia au anacheka, mpaka mabega yakamtikisika, nikajua ni vyote viwili.

Mzee Fu alikuwa bado anamtazama Mama. "Mpe simu fundi," akasema hatimaye. Nikaichukua. "Kwaruza gome kwa ukucha. Anzia juu."

Juu lilikuwa jeusi. Katikati, kahawia. Nilishuka mpaka karibu na udongo, nikakwaruza tena, na chini ya ukucha wangu kukatokea mstari mwembamba wa kijani. Nikauelekezea simu bila kupumua.

"Hm," akasema Mzee Fu. "Kata yote iliyo juu ya hapo. Sharti ni lile lile. Barafu ni barafu." Akakata simu.

Nilikata. Kilichobaki kingeweza kufichwa chini ya kikombe cha chai. Sikukirudisha roshani. Nilikiweka chumbani kwa Mama, kwenye kigoda karibu na chuma cha joto, kwa kuwa ndicho chumba chenye moto zaidi, na juu yake nikafunga taa nyeupe ya kazini kwangu iwe jua. Mama alilala na taa hiyo inamwakia usoni kila siku, na kitambaa juu ya macho. Hakulalamika. Nikikawia kazini, nilimkuta amekwisha kunyunyizia, na matambara yamebadilishwa. Kasiki likabaki ngazini.

Februari kisiki hakikufanya kitu. Yueqin alikuja kila jioni baada ya duka kufungwa, akachungulia, akavua glavu, akasema, "Bado." Mzee Fu alipiga Jumapili, akasema "Sogeza," nami nikamsogezea kisiki bila aibu. Nilikuwa nimeshaapa moyoni kwamba ningemwonyesha kisiki hicho mpaka mto ufunguke, na baada ya hapo ningemwonyesha tena.

Machi, kwenye kifundo, pakavimba. Mama ndiye aliyeona. Alinipigia kazini, nikiwa chini ya ardhi na spana mkononi, akasema, "Njoo nyumbani, kuna ncha," na akakata simu kana kwamba ameona mwizi.

Ncha ikawa jani, kubwa kama sikio la mtoto. Likafuata la pili, na hilo halikusimama. Lilipanuka, likang'aa, likafikia upana wa kiganja changu, na viganja vyangu si vidogo. Asubuhi moja ya Aprili nilikuwa navuka daraja niliposikia mto unagonga chini yangu, na mapande ya barafu yakaanza kupandana na kuondoka. Niligeuza baiskeli. Yueqin alikuwa keshafika nyumbani, na simu keshaipiga.

"Sogeza," akasema Mzee Fu.

Nikasogeza. Hakusema rangi, hakusema unene. Alipangusa kioo cha simu yake kwa fulana, akatazama tena. "Hilo linafunga," akasema.

Yueqin akashika ukingo wa meza.

"Lakini mara ya kwanza ulikuja peke yako, fundi, kama mtu anayenunua baiskeli. Kwetu sinia halibebwi na kijana. Nani atalileta?"

Nikamtazama Mama. Mama yangu hajawahi kupita Harbin, mji mkuu wa mkoa wetu. Ndege anaiogopa, kusini anakucheka, na nje asubuhi hizo bado kulikuwa na baridi ya kuliua jani kabla basi halijafika uwanjani. Alikuwa amesimama kando ya kigoda, macho mekundu kwa miezi ya ile taa. Aliivua aproni, akaikunja, akanyoosha mkono apewe simu.

"Bwana Fu," akasema, "nitalileta mimi. Nitalivaa ndani ya sweta, juu ya ngozi, kutoka mlango huu mpaka mlango wako, na sitasinzia njiani. Ukilipokea lina doa moja jeusi, usitafune, na nitamchukua mwanangu nirudi naye bila neno."