Kikombe na Nusu

...mara tatu, niseme mara tatu, kila mtu husema mara tatu, na kalamu ya dada wa lishe inangoja juu ya kadi ya mwanangu, "Mama, nimeuliza, kwa siku anakula mara ngapi?", si kwa ukali, angekuwa mkali ningedanganya bila shida, lakini huyu aliusugua kwanza ule utepe wa kupimia mkono viganjani mwake usije ukamshtua mtoto kwa ubaridi, ndipo akamzungushia mkononi, ukasoma njano, rangi ya mtoto anayeanza kudhoofu, akatazama tena mizani, "Uzito umepanda, mkono umepungua, imekuwaje?"... imekuwa ni maji, dada, kikombe na nusu, nilimnywesha hapo nje ya ghala la chakula, kwa sababu jirani aliniambia ukimpeleka mwepesi utasemwa mbele za watu mpaka ukome... akanywa yote, maskini, akinishika kidole, alidhani ni uji, na uji wenyewe wa nyumbani una tofauti gani, unga wa siku nne nimeuvuta siku tisa, unaona mpaka chini ya sufuria... "Mwenye kiatu chekundu!" mtunza ghala anamwita dirishani mtu aliyeacha kiatu kimshikie nafasi, "kiatu chako kimefika mbele ya foleni, wewe mwenyewe uko wapi?", watu wanacheka, nami nacheka kidogo, mtoto anageuka kunitazama mdomo kama kitu kigeni... uji wa mama yangu kijiko kilisimama, na siku unga ulipoisha alikwenda kwa shangazi akasema, "Wifi, watoto wangu hawajala," basi, hivyo tu, mlangoni, na aibu haikumuua... na huyu dada nimemsikia akimwambia mwenzangu wa mbele yangu, aliyepanda uzito hapewi tena unga wa njugu, unakwenda kwa waliodhoofu, kwa hiyo nimemnyima mwanangu kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kikombe changu mwenyewe... na sasa mapajani mwangu joto, linaenea, linapenya gauni, anakojoa, uzito wangu wa uongo ndio huo unashuka, na yeye ametulia tu, anachezea ncha ya utepe, dada amemwachia achezee... "Mama?", kalamu bado iko juu, haijaandika kitu, haina haraka... mara moja, dada, mara moja tu, uzito uliozidi ni maji, mpime tena, mpime sasa hivi akiwa mwepesi...