Nafasi ya Tata Kalombo

Mi sina uvumilivu, bantu ba kwaya bote banajua. Mama Henriette, mama muzee wa kwaya yetu, aliposema hahami, nikakasirika mbele ya kila mutu.

Bantu ba mugodi balikuwa bamepaka alama nyekundu ya kubomoa ku nyumba zetu zote, kule upande wa Mutoshi, na ku kanisa pia. Siye tunang'oa mabati tuhame, yeye anakaa mule kanisani ku kiti. "Kalombo akirudia, atatukuta wapi?" Tata Kalombo ni bwana yake. Mwaka wa tisini na tatu, wakati bantu ba Kasai kama yeye balifukuzwa huku kwetu, balimupakia mu treni na hakurudia. Alikuwa anaimba besi. Kwaya yetu inaimba kwa muzunguko, mama katikati, na nyuma yake, upande wa kuume, tuliacha nafasi ya bwana yake wazi. Hata mugeni hasimami pale.

Nikamwambia, "Mama, nitakupa kanisa uende nalo Fungurume, kwa binti yako." Mi natengeneza programu ya kompyuta ya kubana mu faili moja sauti ya pande zote: ya mbele, ya nyuma, ya kushoto, ya kuume, kila moja inatokea ku bafle yake, ile spika. Ni programu huria. Kila mutu anaifungua, anaitengeneza, bure.

"Nikisikia kanisa lote, nitahama," akasema. "Nusu, hapana."

Tukarekodi, mikro ku kila upande. Lakini ku ile nafasi wazi kulikuwa tu pumzi ya kanisa, na programu yangu ikaona ni bure, ikaikata ili faili ikuwe nyepesi. Mi na haraka yangu, nikachukua sauti ya Ntumba, mwimbaji mwenzetu, nikaiweka pale. Nilijiona fundi kweli!

Mama akakaa katikati ya bafle, akasikiliza kidogo, akageuka. "Nani amesimama ku nafasi ya bwana yangu?"

"Mama, pale hakuna kitu!"

"Kuna yeye."

Mawe, mama wee! Niliona haya. Na tingatinga inakuya kesho yake.

Nikaandikia benzangu ba programu. Nafisa wa Bukavu, hata sura yake siijui, akajibu: "Kwa nini kubeba upande hauna sauti?" Nikaandika, "Kuna mutu pale." Hakuuliza tena. Tulifanya kazi pamoja, yeye kule, mi huku, mpaka ile programu ikakubali kubeba kimya. Nafisa, Mungu akubariki wewe na nyumba yako yote.

Asubuhi wimbo ukamuzunguka mama. Ilipofika zamu ya besi ya bwana yake, akanyoosha mukono nyuma, upande wa kuume, kumukaribisha. Tukasikia tu mbao za kanisa zikilia polepole. Akangoja mpaka ile zamu ikaisha, kiisha banamuke bakapokea. Nililia, sifichi.

"Aksanti sana, binti yangu," akasema. "Yuko."

Akasimama, akabeba kiti chake mwenyewe mpaka inje.

"Haya. Sasa babomoe."