Tiki Tiki kwenye Gari la Mbio

Wakubwa wa mashindano walisema injini ya gari la binti yangu inagonga, kwa hiyo hashindani. Wakatupa nusu saa ya kulitengeneza. Wao wenyewe kujaza fomu moja huwachukua wiki nzima.

"Baba, usianze nao," binti yangu alisema, helmeti kwapani. "Sikiliza injini."

Nikachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja nikaitia sikioni, nyingine nikaipitisha juu ya injini inayonguruma. Marehemu mama yake alikuwa akiniita daktari wa vyuma kwa mchezo huo. Chini ya injini, ambako kugonga kwa kweli hutokea, kulikuwa kimya. Nilipofika plagi ya tatu nikasikia tiki tiki tiki, na pumzi ya moto ikanichoma sikio. Niliruka kama kuku.

"Mwanangu, haigongi hii. Inavuja pumzi."

Tukazima injini. Niliposhika plagi kwa spana, ikazunguka kama kifuniko cha chupa.

"Nani aliifungua?" nikauliza.

Binti akamtazama mkaguzi wa mashindano aliyesimama karibu nasi. Asubuhi mkaguzi huyo alizikagua plagi zote na kuzirudisha mwenyewe, simu ikiwa begani. Sasa alikuwa anakagua viatu vyake.

Nilikuwa na matusi ya kumtosha yeye na wakubwa wake wote.

"Baba," binti akanong'ona, "ukifungua mdomo, wananitoa."

Nikayameza matusi. Nikakaza plagi, nikampa mkaguzi kalamu. Akasaini kibali cha gari kushindana. Gari likaondoka likinguruma vizuri, nami nikajikuta nacheka mbele ya wakubwa wale wale, kitu ambacho sikuwa nimepanga.