Watoto wa Kliniki Moja

Fundi cherehani alisimamisha mashine yake, mlio usije ukamharibia bintiye usaili wa kazi. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi kidogo. Binti alikaa mbele ya kompyuta, na kwenye kioo profesa wa chuo kikuu alikuwa akimtazama. Chuo kilitaka msaidizi wa utafiti anayejua kuandika programu na kuchambua data. Vyuo viwili vilishamkataa. Na hiki kikimkataa, angerudi dukani kwa mjomba kuuza sabuni.

Mtihani ulihusu uzito wa watoto wachanga wa kliniki kadhaa. Binti aliandika maagizo, kompyuta ikatii, mchoro ukatokea, umetulia kama pindo lililopigwa pasi. Mama akamshukuru Mungu kimoyomoyo, huku akishona gauni kwa sindano ya mkono.

"Umemaliza?" profesa akauliza.

"Ndiyo, profesa. Aa, hapana. Naomba unisubiri."

Sindano ya mama ikasimama. Akusubiri nini tena, mwanangu?

"Kuna watoto niliwafuta. Wameandikwa kilo elfu moja na mia nane, elfu mbili."

Profesa akacheka. "Hao si watoto, ni vifaru."

"Hata mimi nilidhani ni makosa tu. Lakini wote ni wa kliniki moja. Nadhani pale wanaandika kwa gramu. Nimefuta kliniki nzima."

"Muda unakwisha. Ukibomoa sasa, hutamaliza."

"Basi nisimalize, profesa."

Mama akafumba macho. Alijua uchungu wa kufumua nguo iliyokwisha, mteja yuko mlangoni. Ee Mola, mshike mkono.

Vidole vya binti vilikimbia. Muda ukaisha mchoro ukiwa nusu, hata kichwa chake hakijaandikwa. Lakini wale watoto walikuwa wamerudi, wamejikusanya chini kabisa.

"Ndio wepesi kuliko wote," binti akasema polepole.

Profesa akausogelea mchoro kwenye kioo chake.

"Tangu asubuhi naletewa michoro mizuri," akasema. "Hawa hakuna aliyewaona. Jumatatu njoo uanze kazi."

Binti akatoka mbio. "Mama! Umesikia?"

"Nisikie wapi? Mimi nilikuwa kazini."

Binti akalinyanyua gauni, akaangua kicheko. "Kazini! Mbona mkono umeushonea shingoni?"

"Lete hapa," mama akasema, akijifuta machozi kwa kitambaa cha mteja. "Na mimi nifumue."