Siku Walipombloki Mzee Kerrow

Kaaha alikuwa amechoka, na uchovu wa kuchungulia simu, msiniambie, unazidi wa miguu. Ngamia wake jike, wa pekee aliyepona ukame, alipotea kwenye malisho ya Balambala, na maziwa ya huyo ngamia ndiyo yaliyolisha nyumba yake hapa Garissa. Akaweka tangazo Facebook, kwenye kundi la mifugo iliyopotea. Akatia na picha ya shingo, alama ya mwenye mali iliyochomwa kwa moto ikionekana wazi.

Hapo ndipo Mzee Kerrow wa Habaswein alipomvamia. Mzee huyu, jamani, alikuwa na mdomo! Hakuna tangazo lililopita bila yeye kulitia kasoro. Alimwandikia mbele ya watu wote kwamba alama ya mnyama huwa inafichwa, ili anayekuja kudai aieleze kwa kinywa chake mwenyewe, na hapo ndipo mwizi hunaswa. Akamalizia kwa kumwita mama wa mjini asiyejua hata ngamia analia vipi.

Alisema kweli. Lakini mtu aliyepotelewa hataki kufundishwa, anataka kuonewa huruma kidogo. Kaaha alilia kwa hasira, akambloki. Tangu hapo yeye hamwoni mzee, mzee hamwoni yeye. Picha akaiacha palepale, ukaidi tu. Kisha akawaomba wenzake nao wambloki, wapumue. Karibu wote wakamfuata, maana kila mmoja alikuwa ameshachomwa na ulimi wa mzee yule.

Wallahi kundi lilitulia. Hakuna matusi, hakuna kubishana. Kaaha akawa anashinda sokoni akiuza maziwa ya ngamia wa wengine, simu mkononi, anafungua, anafunga. Hakuona lolote.

Ijumaa asubuhi Ramla, muuza maziwa mwenzake, akampa hongera ya kumpata ngamia. Kaaha akamkodolea macho. Ngamia yupi? Ramla naye akashangaa: si Mzee Kerrow amekuwa akimwita kundini tangu Jumatatu? Si ametaja mfugaji aliyemwokota, Siyad wa kulekule Habaswein, na namba yake ya simu akaiweka? Ramla hakuwa amembloki mzee. Si kwa wema, alikiri, ni uvivu tu, na kwa uvivu huohuo maandishi ya mzee aliyapitia juujuu, akidhani Kaaha anayaona.

Kaaha akaisoma namba kwenye simu ya Ramla, akapiga.

"Walaal, dada yangu, tulikungoja siku tatu," Siyad akasema. "Mzee Kerrow alinikataza katakata nisimpe mtu ila wewe. Jana mchana akaja mtu na lori, akaeleza alama ya shingo mstari kwa mstari, hata ule uliopinda. Na wewe uko kimya. Ningemnyima vipi?"

Lori lilielekea wapi, Siyad hakujua. Kaaha hakuuliza yule mtu aliijulia wapi alama. Alijua.

Akasimama kati ya mitungi ya maziwa, wateja wakimwita, akamwondolea Mzee Kerrow bloki. Maandishi yake yakaja yamepangana. Jumatatu alitangaza kwamba ngamia yuko salama. Jumanne aliuliza kama kuna anayemjua Kaaha ampelekee habari. Jumatano alimgombeza, kama kawaida yake. La mwisho lilikuwa la jana asubuhi: "Kaaha, kama umenikasirikia, nikasirikie. Lakini njoo Habaswein kwanza."

Hakuna hata mmoja aliyekuwa amemjibu. Mzee wa watu alikuwa akisema peke yake siku nne.

Kaaha akaketi vumbini, akamwandikia: "Adeer, ami yangu, niko hapa."

Jibu halikukawia. "Niko barabarani tangu jana, naulizia lile lori. Hakuna aliyeliona. Ulikuwa wapi, mama?"

Kaaha akarudi kwenye tangazo lake, akaifuta ile picha ya shingo.